Mama Mkwe Hakuachwa

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa karanga kabla hawajalisoma, nawafupishia aibu yangu.

Mimi ni fundi saa. Niseme nilikuwa. Watu walipoanza kuangalia saa kwenye simu, kibanda changu kilikufa kifo cha taratibu. Mke wangu, ambaye huendesha winchi kwenye yadi ya makontena, akasema basi nikae nyumbani na watoto mpaka nipate kitu kingine. Hicho kitu kingine sikukipata kwa miaka saba. Nilichopata ni mkono wa kupika, na sifa mtaa mzima ya kusuka nywele kwa kibanio cha saa.

Mwezi jana mke wangu akaniacha. Naliandika neno hilo kama lilivyo. Wanaume wengine huacha. Mimi niliachwa, mbele ya hakimu, nikiwa nimekumbatia sweta mbili za watoto na chupa ya maji.

Hakimu aliuliza nani anajua namba ya kiatu ya binti yetu mdogo. Mke wangu akasema ishirini na tatu. Mimi nikasema ishirini na saba, ila cha kushoto kimeshaanza kumbana. Watoto wakabaki kwangu.

Wiki jana nilikomea mlangoni. Ilikuwa Jumanne asubuhi, kengele imelia, nimefungua, na mbele yangu amesimama mama mkwe na sanduku la bati na feni ya mezani.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Nishikie feni."

Nilidhani amekuja kurudisha vyombo. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba pengine habari hazijamfikia, mimi na binti yake tumeshaachana.

"Habari ninazo," alisema, huku akivua viatu. "Aliyeachana na wewe ni binti yangu. Mimi sikuachana na mtu."

Nikashika feni.

Alinisimulia yote kabla chai haijachemka. Baada ya mahakama alihamia kwenye chumba alichopanga binti yake, ili amsaidie kuanza maisha. Siku ya kwanza alimpikia kwa huruma. Siku ya pili akampikia kwa mazoea. Kufika wiki ya tatu, binti alikuwa akirudi kazini anavua buti katikati ya chumba, ananyoosha miguu juu ya stuli, anawasha mpira na kuuliza chai iko wapi. Habari ya kutwa haulizi. Sahani akimaliza anaisukuma mbele kidogo, kama kontena, isubiri mtu wa kuipakua.

"Nilizaa binti," alisema mama mkwe, "nimezeeka nimepata mume. Na mambo ya waume mimi nilishayamaliza."

Nikamuuliza kama binti yake anajua amekuja kwangu. Akasema anajua. Alisema hivyo akiitazama feni. Mtu mwenye akili angeona kwamba jibu lile lilielekezwa kwa feni, si kwangu.

Sasa, wenye wakwe mnanielewa. Mkwe ni mtu wa kusalimiwa kwa mbali, ukiinamisha macho. Nyumba yangu ina vyumba viwili, sebule moja, na bafu moja lililo mwisho wa ukumbi mwembamba kiasi kwamba watu wawili wakipishana lazima mmoja wao avute pumzi. Chumba changu nilimpa yeye. Mimi nikahamia kwenye kochi la sebuleni, ambalo ni fupi kuliko mimi kwa shubiri moja na nusu.

Ili tusikutane pale ukumbini nikaanza kukohoa kila ninapopita. Yeye naye akaanza kukohoa. Nikitoka sebuleni, kikohozi. Akitoka chumbani, kikohozi. Kufika Jumatano mchana tulikuwa tunakoholeana kama vyura wa madimbwi mawili. Muuguzi anayekaa ghorofa ya juu akashuka na chupa ya dawa ya kifua, akaniambia niwatenge watoto haraka.

"Hawaumwi," binti yangu mkubwa alimweleza. "Wanaoneana haya."

Ana miaka kumi na mmoja na haachi kitu kipite.

Haya ya mama mkwe ilikuwa ya ukumbini tu. Jikoni hakuwa nayo. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wangu siku ya tatu jembe alinipa mimi. Alipanga upya masufuria yangu, makubwa chini na madogo juu, wakati mimi huyapanga kwa matumizi. Akasema nakunja shuka kama barua ya kuacha kazi. Akaonja maharage yangu, akafumba macho, akayafumbua, akaongeza maji bila kusema neno.

Niliposhika mwiko, akaniambia niupumzishe. Nikakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji, nipate sababu ya kutokwa machozi.

Ndipo nikaelewa kilichonipata. Mimi, mwanamume mwenye ndevu, nilikuwa nimegeuka mkaza mwana. Nilikuwa naamka mapema ili nisionekane mvivu. Nilikuwa nafagia palipofagiliwa. Alhamisi niliuficha mwiko wangu chini ya mto wa kochi na kulala juu yake, nikaamka na alama ya mwiko shavuni.

Nilijifungia bafuni nikampigia simu dada yangu. Nilimlalamikia kwa kunong'ona, nikianzia na masufuria. Alicheka mpaka akaniomba nisubiri akae chini. Kisha akaniambia kwamba aliishi na mama mkwe wake miaka tisa, na kila alipoomba msaada mimi nilimwambia avumilie, mambo madogo hayo. Akanitakia uvumilivu mwema.

Lakini nisimseme mtu vibaya. Ijumaa nilipokuwa naanika nguo dirishani nilimsikia mama mkwe chini uani akizungumza na muuguzi. Alikuwa anasema mkwe wake anapika kumshinda yeye, na kwamba wale watoto hawajawahi kwenda shule na kifungo kilicholegea. Kisha akamwonya asije akaniambia.

Siku hiyo nilimwachia masufuria apange anavyotaka.

Jumamosi ni zamu ya mama watoto kuwachukua watoto. Saa nne kamili mama mkwe, ambaye alikuwa dirishani anapepeta mchele, aliona kofia ngumu ya njano ikivuka barabara. Aliweka ungo juu ya kochi akaenda mbio. Sikujua ana mbio zile.

"Sema sipo," aliniambia kutoka mlango wa bafu.

"Mama, ulisema anajua uko hapa."

"Nilisema anajua niko. Duniani."

Akafunga mlango kwa ndani.

Watoto walikuwa juu kwa muuguzi wakiangalia katuni. Mama watoto aliingia, kofia kwapani, hakukaa. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema maneno mawili tu.

"Mama amepotea."

Alisema Jumanne alirudi kazini akakuta chumba kitupu. Amepiga simu kwa kila ndugu, hata wale wasiosalimiana. Amezunguka hospitali zote akitaja urefu wa mama yake na umbo la sanduku lake. Juzi, akiwa juu kabisa kwenye winchi na kontena linaning'inia hewani, alisimamisha kazi dakika kumi nzima ili atafute mtandio wa bluu wa mama yake kwenye barabara za chini. Msimamizi alidhani mtambo umeharibika. Akaita fundi.

Kisha akalia.

Nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na mbili. Siku alipovunjika kidole cha mguu alikigombeza kidole. Sasa alikuwa amesimama sebuleni kwangu, machozi yanadondokea ndani ya kofia ngumu, na mimi nimebanwa kati ya kulia kwake na kiapo cha mlango wa bafu.

Bafuni ndoo ikaanguka.

Alinyanyua kichwa. "Nani yuko bafuni?"

"Hakuna mtu."

Ndoo ikabingirika, ikagonga ukuta, ikatulia.

"Baba watoto. Kuna mwanamke bafuni?"

Mimi sijui kudanganya mara mbili mfululizo. "Yupo," nikasema.

Alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. Aliuliza ni nani. Nikasema siwezi kumtaja, ni mtu ninayemheshimu sana. Akauliza amehamia lini. Nikasema Jumanne. Akauliza analala wapi.

"Chumbani kwangu," nilisema. "Mimi nalala hapa kwenye kochi."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima."

Alinitazama kwa muda, kama anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuuinua. "Anapika?"

"Anapika," nikasema, na uchungu wa siku nne ukanitoka wenyewe. "Ameniharibia jiko lote."

Nilitegemea atanirushia kofia. Badala yake alikaa chini, juu ya ungo wa mchele, wala hakuhisi.

"Afadhali wewe," alisema polepole. "Kuna mtu anakuharibia kitu. Unajua kwa nini niliondoka? Siku moja nilirudi mapema. Mlikuwa jikoni mnacheka, ninyi watatu. Nilipoingia mkanyamaza. Watoto wakaniamkia, wewe ukaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema acha nichukue mwenyewe chumvi ya mayai, nikafungua makabati manne sikuiona. Hakuna aliyenifokea. Mlisimama mnaningojea nimalize, kama mgeni aliyepotea njia ya chooni."

Mlango wa bafu ukafunguka.

Mama mkwe alitoka amelowa mpaka magotini. Hakukohoa. Mama watoto alisimama, punje za mchele zikamwagika kutoka kwenye ovaroli lake, na kwa muda wa pumzi mbili hakuna aliyejua kama atacheka au atamsukuma mama yake arudi ndani. Alimkumbatia. Alimkumbatia mpaka miguu ya mama yake ikaacha sakafu, kisha akamshusha na kuanza kumgombeza.

Mama mkwe hakujitetea. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Maneno hayo ya chumvi nimewahi kuyasikia," alisema. "Baba yako aliyasema siku anaondoka. Kwamba nyumba yangu haina mahali pa yeye kuweka mkono. Nikamwambia hiyo ni sababu ya mtu mvivu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba baba mkwe hakufa. Miaka yote mama mkwe alipoulizwa alikuwa anasema mzee alituacha, na mimi, siku ya harusi yangu na kila mwaka baada yake, nimekuwa namwombea apumzike kwa amani.

Wasomaji, mimi huwaandikia makosa ya wengine kwa raha. Leo nina langu. Lingeweza kubaki jikoni, lakini nilimwona mama watoto anajikung'uta mchele magotini, na mdomo wangu ukatangulia.

"Ile chumvi nilikuwa naihamisha," nilisema.

"Unaihamisha vipi?"

"Makusudi. Kila wiki kabati lingine. Ulikuwa unajua kila kitu duniani isipokuwa chumvi iko wapi. Ukija kuniuliza nilikuwa najiona na mimi nina kazi."

Aliniangalia. Mimi nikaangalia ukuta. Nilitamani muuguzi ashuke na dawa yoyote.

"Mimi nilikuwa naficha wembe," alisema mama mkwe.

Sote tukamgeukia.

"Wembe wa baba yako. Kila asubuhi anazunguka na povu usoni ananiita. Nilikuwa napenda kuitwa." Alikamua upindo wa gauni lake, maji yakadondoka sakafuni. "Sasa mmeshaniangalia vya kutosha."

Alikaa kwenye kochi langu, kwenye alama ya mwili wangu, na kutoa hukumu ambayo hakimu mwenye joho asingethubutu kuitoa. Binti yake alikuwa ameomba likizo ya wiki moja ya kumtafuta mama. Mama amepatikana, likizo ipo. Basi ataitumia hapa, na watoto wake, afungue makabati yote mpaka ayajue. Mimi niende kwenye chumba chake nikakae siku saba bila kushika mwiko, nione kama nitakufa.

Nikasema watoto hawatakubali. Wakaitwa. Wakakubali kabla hatujamaliza kueleza. Yule mdogo aliuliza tu kama Mama anajua kusuka. Mama watoto akasema anajua kufunga minyororo ya tani ishirini. Mtoto akaona inatosha.

Niliandika maelekezo ya kurasa nne. Nani hali karoti, nani huogopa kukatwa kucha, kiatu gani kinabana. Mama mkwe alizipokea kurasa zile kwa mikono miwili, akazikunja vizuri, akaziweka chini ya feni isitikisike.

Mama watoto alinifuata mpaka mlangoni kunipa ufunguo. Alisita nao mkononi.

"Kuna jambo pale chumbani," alisema. "Nilipokuwa namtafuta mama nilipiga simu kila mahali, sasa kuna—"

"Kuna vumbi, tunajua," mama mkwe alisema kutoka kwenye kochi. "Mwache aende kabla hajaanza kulia."

Nilikuwa nimeshaanza. Nikaenda.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya yadi ya makontena, kwenye mstari wa milango sita, wa tatu, wa kijani. Njia nzima nilikuwa najitayarisha kukuta buti sakafuni, vikombe vyenye ukungu, kitanda kisichotandikwa. Nakiri kwamba nilikuwa nafurahia kidogo. Nilijiambia sitagusa kitu. Kisha nikajiambia nitagusa vikombe tu.

Ufunguo haukuhitajika. Mlango ulikuwa umeegeshwa, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa vizuri, kwa moto wa wastani, ikatoka kunipokea.

Nikausukuma.

Ovaroli zilianikwa kwenye kamba kwa mpangilio, miguu chini. Buti zimepigwa dawa na kugeuzwa kuelekea mlangoni. Sakafu inang'aa. Na kando ya jiko, amekaa kwenye stuli, mzee mwenye mvi na aproni ya maua anamenya viazi, ganda moja refu lisilokatika.

"Vua viatu," alisema bila kunyanyua macho. "Nimedeki."

Nikainama kuvua. Simu niliiweka mezani, karibu naye, nipate mikono. Nikamwamkia, akaitikia, na aliponitazama nikaliona paji la uso la mama watoto, lile lile, limeongezewa mikunjo tu.

Marehemu niliyekuwa namwombea alikuwa anamenya viazi.

Alisema yeye ni baba wa mwenye chumba. Jumatano binti alimpigia simu, mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kumuuliza kama amemwona mama yake. Hakusubiri kuambiwa mara mbili, alipanda basi la kwanza. Asubuhi anazunguka mitaani kumtafuta, mchana anarudi kupika, maana binti anatoka kazini na njaa. Akaniuliza mimi nani. Nikamwambia. Akaniangalia juu mpaka chini, akanisogezea kisu cha pili.

"Umepata habari zozote za mke wangu?" aliuliza.

Kwa adabu nikasema nilivyosikia mimi, wao walishaachana.

"Mimi niliondoka," alisema. "Miaka ishirini na tatu. Kumwacha sikumwacha. Hayo ni mambo mawili." Akageuza kiazi mkononi. "Huko nilikoenda nimejifunza kila kitu. Kupika, kupiga pasi, hata kushona vifungo. Nimekosa wa kumwonyesha."

Nilikuwa na kiatu kimoja mkononi na kingine mguuni. Niliona siwezi kumficha. Nilishaficha vya kutosha katika maisha yangu.

"Mzee," nilianza, "huyo mama—"

Simu ikalia. Juu ya kioo, kwa herufi kubwa nilizoandika mwenyewe, kulikuwa na maneno mawili: MAMA MKWE.

Mzee aliyasoma. Alijifuta mikono kwenye aproni, upande mmoja, halafu upande wa pili. Akaipokea. Simu yangu ni ya zamani na sauti yake haina siri, kwa hiyo tulimsikia wote wawili.

"Mwanangu, usiingie humo ndani. Binti yangu kanieleza sasa hivi nani yumo. Kama umeshaingia, huyo mzee akiniulizia, mwambie mimi nilikufa."

Mzee aliinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza wimbo aliosahau maneno yake.

"Basi niambie mnazika saa ngapi," alisema taratibu, "nije."

Nilingoja simu ikatwe. Haikukatwa. Upande wa pili kulikuwa kimya kabisa, sekunde zinahesabika juu ya kioo, kumi, ishirini, na mzee, simu ikiwa bado sikioni, akapeleka mkono mmoja nyuma ya kiuno na kuanza kufungua aproni.